Kitabu kwa Kitabu: Karne ya Tafsiri za Qur'ani kwa Kiswahili

Katika miaka ya 1880 mji wa Unguja ulikuwa na matbaa mbili. Moja ilikuwa ya misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Ya pili ilikuwa ya Sultani, Sayyid Barghash bin Said. Ya misheni ilichapa Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Ya Sultani ilichapa Kiarabu, vitabu vizito vya sheria na tafsiri vilivyokusudiwa wanazuoni. Katikati ya mitambo hiyo miwili palikuwa na umma mzima uliozungumza Kiswahili na kusali kwa Kiarabu, na wale miongoni mwao waliojua kuandika waliandika Kiswahili chao kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya babu zao kwenye tenzi na barua za biashara. Umma huo haukuwa na mtambo wa kuuchapia maneno yake.

Kisa ninachotaka kukisimulia ni cha namna umma huo ulivyopata vitabu vyake, na zaidi ya vyote namna Qur'ani ilivyofasiriwa kwa Kiswahili na kuchapwa. Ni kisa cha dini, lakini vilevile ni cha mitambo, magazeti, shule na ukoloni. Karibu kila tafsiri iliyotoka ilikuwa jibu kwa iliyotangulia, na jibu hilo mara nyingi lilikaa chini ya ukurasa, kwenye tanbihi zilizopangwa kwa herufi ndogo. Naamini kwamba mahali hapo, pembezoni mwa aya, ndipo nathari ya Kiswahili ilipojifunza kubishana kwa ushahidi.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Alikuwa amesomea sheria kabla ya kuwa kasisi, na alikuwa na mikono ya fundi: aliijua kazi ya uchapaji na akaanzisha matbaa ndogo ambamo vijana waliotolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi za risasi, kupaka wino na kukunja karatasi. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, pamoja na mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Alipoanza kutafuta Kiswahili cha kufasiria Maandiko ya Kikristo, mtu aliyejitolea kumsaidia alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu. Huyo alikuwa Sheikh Abdul Aziz bin Abdul Ghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi aliyeheshimiwa na masultani. Sheikh huyo alikubali kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwenda kwenye Kiswahili safi kabisa alichokijua. Kazi haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na Steere aliona lugha yake ni ya kisomi mno kwa watu aliotaka kuwafikia.

Tukio hilo ni dogo, lakini nimelirudia mara nyingi katika mawazo yangu. Padri Mwingereza na kadhi wa Unguja wamekaa juu ya maandiko yanayoheshimiwa na dini zote mbili, wakitafuta maneno. Al-Amawi hakuwa mtu wa kuyumba katika imani yake. Alijulikana pia kwa kujadiliana na Wakristo waziwazi. Hakuona kwamba kubishana na mtu kunamzuia kumsaidia. Mizizi ya vitabu vyote vitakavyokuja baadaye imo ndani ya uhusiano wa aina hiyo.

Barghash alikuwa na sababu nyingine za kutaka matbaa. Alitembelea London mwaka 1875, akapita Misri, na akaona kwa macho yake nguvu ya maandishi yaliyochapwa katika miji ya Waarabu. Matbaa aliyoianzisha Unguja ilielekezwa kwenye elimu ya madhehebu yake ya Ibadhi. Ilianza kuchapa *Qamus al-Sharia*, kazi kubwa ya juzuu 90 iliyoandikwa na mwanachuoni wa Oman, ingawa haikuwahi kuzimaliza juzuu zote. Ilichapa pia tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanachuoni aliyeishi katika bonde la Mzab, Algeria, ndani ya jangwa la Sahara. Kwa hiyo kabla ya karne ya 19 kwisha Unguja ilikwisha kuchapa tafsiri ya Qur'ani, lakini ilikuwa ya Kiarabu, na wasomaji wake walitawanyika kutoka Muscat hadi Afrika ya Kaskazini. Mvuvi wa Nungwi na mke wa fundi seremala wa Malindi waliendelea kupata maana ya aya kwa njia ya zamani: kwenye darsa, hasa za mwezi wa Ramadhani, mwalimu akisoma Kiarabu na kukifafanua kwa Kiswahili papo hapo, maneno yakibaki vifuani mwa wasikilizaji.

Misheni nayo ilizidi kuchapa, na si mambo ya kanisa peke yake. Gazeti la *Msimulizi* lilianza mwaka 1888. Huko Magila, chini ya milima ya Usambara, matbaa ya UMCA ilitoa mwaka 1895 sehemu ya kwanza ya *Habari za Wakilindi*, historia ya watawala wa Usambara iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi l-Ajjemy. Mwandishi alikuwa Mwislamu aliyewahi kuwatumikia watawala hao, na aliyajua mambo yao kwa kuyaona na kwa kuyasikia kutoka kwa wazee. Sehemu nyingine mbili zilifuata, ya mwisho mwaka 1907. Wakati huohuo Wajerumani waliwaandikisha Waswahili na kuwachapa Ulaya: *Safari za Wasuaheli* mwaka 1901, *Desturi za Wasuaheli* ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo mwaka 1903, na maisha ya Tippu Tip, ambayo mwenyewe aliyaandika kwa herufi za Kiarabu kabla Heinrich Brode hajayahamisha kwenye herufi za Kirumi. Vitabu hivi ndivyo msingi wa nathari yetu ya maarifa. Waandishi wake karibu wote walikuwa Waislamu, na mitambo iliyovichapa karibu yote ilikuwa mikononi mwa Wazungu Wakristo. Aliyekuwa na mtambo ndiye aliyeamua kipi kichapwe, kwa herufi zipi, na dibaji iandikwe na nani.

Hali hiyo ilionekana wazi kuliko wakati wowote mwaka 1923. Mwaka huo chama cha uchapishaji cha Kianglikana cha SPCK kilitoa London kitabu kilichoitwa *Tafsiri ya Kurani ya Kiarabu kwa Lugha ya Kisawahili pamoja na Dibaji na Maelezo Machache*. Mfasiri wake alikuwa Kasisi Godfrey Dale wa UMCA, aliyekuwa ameishi Afrika Mashariki kwa miaka mingi na kujifunza Kiarabu na Kiswahili kwa bidii. Alikwisha kuandika kwa Kiswahili kitabu kingine cha kueleza Uislamu kwa jicho la Mkristo. Tafsiri hii ilikusudiwa kwanza walimu na mapadri Waafrika wa misheni, ambao kila siku walikutana na Waislamu katika miji ya pwani na katika njia za biashara za bara, na ambao hawakuwa na njia ya kukisoma kitabu walichokuwa wakikijibu.

Lazima nimtendee haki Dale. Alifanya kazi ya kisomi, kwa juhudi, bila matusi. Lakini maelezo yake yaliandikwa na mtu asiyeamini kwamba kitabu anachokifasiri kimeteremshwa na Mungu. Yalielekeza msomaji kulinganisha Qur'ani na Biblia, na katika ulinganisho huo Biblia ndiyo ilikuwa mizani. Kwa Mwislamu wa Mombasa au Bagamoyo mambo yalikuwa mawili kwa pamoja, na yote mawili yalimuuma. Kwanza, Qur'ani nzima ilikuwa imepatikana kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza, na aliyeileta ni padri. Pili, yeye mwenyewe hakuwa na kitabu cha kumjibu. Wanazuoni wengi waliona kuiandika maana ya Qur'ani kwa lugha nyingine, kisha kuiweka kitabuni kama kitu kinachojitegemea, ni jambo la hatari. Hata Cairo katika miaka hiyo suala hilo liliwagawa wakubwa wa elimu. Darsa ilitosha, walisema. Ila mtoto aliyekuwa akisoma shule ya serikali kwa herufi za Kirumi hakuwa tena anahudhuria darsa kama baba yake.

Aliyeliona hilo mapema kuliko wengine alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Alizaliwa mwaka 1891 katika ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, akasoma kwa wazee wa ukoo wake, kisha kwa masheikh wakubwa wa Unguja kama Sayyid Ahmad bin Sumayt. Alisoma pia *Al-Manar*, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo, na humo alikuta wazo lililomwingia: kwamba udhaifu wa Waislamu mbele ya Ulaya unatokana na Waislamu wenyewe kuacha elimu, na kwamba gazeti ni silaha halali ya mwanachuoni.

Mwaka 1930 al-Amin alianzisha gazeti dogo la *Sahifa*, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 akafuatisha *Al-Islah*, lililochanganya Kiswahili na Kiarabu. Kurasa zake zilikuwa chache, lakini ndani yake mlikuwa na jambo ambalo pwani ilikuwa bado haijalizoea: mwanachuoni anazungumza na watu wote, kwa lugha ya sokoni iliyosafishwa, kuhusu mambo yanayowasumbua wiki hii. Aliandika juu ya gharama za harusi na matanga zinazofilisi nyumba. Aliandika kwamba wasichana lazima wasome. Aliwaonya wazazi wanaowapeleka watoto shule za misheni bila kuwapa elimu ya dini yao, na papo hapo akawalaumu Waislamu kwa kutojenga shule za kwao. Aliwakemea vijana wanaoiga Ulaya katika mavazi na starehe huku wakiiacha katika kazi na maarifa. Ukiyasoma makala hayo leo unaona sentensi zake ni fupi, hoja moja inashika nyingine, na hadithi au aya inaletwa pale tu inapofanya kazi. Simjui mwandishi wa Kiswahili wa wakati wake aliyemzidi kwa uwezo wa kumshawishi msomaji.

Mwaka uleule wa 1932 aliteuliwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo kilimtoa kwenye uhariri lakini hakikumtoa kwenye uandishi. Alitunga vitabu vidogo vya kufundishia dini, na akaanza tafsiri yake ya Qur'ani. Nia yake ilikuwa Mwislamu asihitaji kumsoma Dale. Kifo kilimkuta mwaka 1947 kabla hajaimaliza. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, ambaye baadaye naye alikuwa Kadhi Mkuu, ndiye aliyeishughulikia miswada yake, na sehemu ya tafsiri hiyo ilichapwa Nairobi miaka mingi baada ya mwandishi kufa. Makala ya *Sahifa* yalikusanywa katika kitabu kilichoitwa *Uwongozi*. Toleo lake la mwaka 1955 linasomwa mpaka leo, na limo katika herufi za Kirumi. Al-Amin aliyatunga maneno hayo kwa herufi za Kiarabu na alizipenda herufi hizo. Wasomaji waliobaki baada yake walikuwa wamekwisha kulelewa na shule.

Kwa kweli mashindano ya herufi yalikuwa yamekwisha kuamuliwa na serikali. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikapewa jukumu la kusimamia lugha ya vitabu vya shule. *Mambo Leo*, gazeti la serikali lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa tayari limewazoesha maelfu ya watu kusoma habari, mashairi na barua kwa herufi za Kirumi. Kamusi za mwaka 1939 zikakaza fundo. Mtu aliyetaka kusomwa kutoka Lamu mpaka Kigoma hakuwa na njia nyingine.

Jibu la kwanza lililokamilika kwa Dale halikutoka pwani. Lilitoka Tabora na Nairobi, na lilitolewa na watu ambao Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hawakuwakubali kuwa wenzao. Waahmadiyya walikuwa wamefika na Wahindi waliokuja wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1934 jumuiya yao ilimtuma Sheikh Mubarak Ahmad, mmishenari aliyejifunza Kiswahili na kukitumia kwa kasi ya kushangaza. Jumuiya ilitoa gazeti la Kiswahili, *Mapenzi ya Mungu*, ikasambaza vijitabu, ikawaita wahubiri wa Kikristo kwenye mijadala ya hadhara. Mwaka 1953 ikatoa Nairobi *Kurani Tukufu*, Kiarabu na Kiswahili katika ukurasa mmoja, pamoja na maelezo marefu.

Nyuma ya Kiswahili cha kitabu hicho alikuwako pia kijana wa Ujiji, Kaluta Amri Abedi. Alikuwa Mwahmadiyya na malenga, na mwaka uliofuata, 1954, alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kitabu ambacho kila anayejifunza arudhi ya Kiswahili bado hukutana nacho. Baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Nyerere, akafariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40. Mtu huyo aliyepima mizani za mashairi kwa uangalifu mkubwa alishiriki kuipima nathari ya Qur'ani ya Kiswahili. Sioni ajabu kwamba hata wapinzani wa tafsiri hiyo walilaumu itikadi yake kuliko lugha yake.

Itikadi ndiyo iliyowasha moto. Waahmadiyya wanaamini kwamba Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, aliyefariki mwaka 1908, ndiye Masihi aliyeahidiwa. Kwa hiyo katika Sura ya 33, aya ya 40, ambapo Mtume Muhammad anaitwa Muhuri wa Manabii, maelezo yao yanaacha nafasi kwa nabii anayemfuata bila kuleta sheria mpya. Katika aya za Sura ya 4 zinazohusu Nabii Isa, walieleza kwamba hakufa msalabani wala hakupaishwa mbinguni kwa mwili wake, ila aliokoka na baadaye akafa kifo cha kawaida. Hata hesabu ya aya ni tofauti: wao huihesabu bismillahi iliyo mwanzoni mwa sura kuwa aya ya kwanza, na msomaji akilinganisha nakala mbili hukuta namba zimepishana kwa moja. Kitabu kilichoandikwa kumjibu padri kikawa sasa kinahitaji kujibiwa na masheikh.

Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy aliibeba kazi hiyo. Alizaliwa Unguja mwaka 1912, akawa mwanachuoni na mwalimu wa shule za serikali kwa wakati mmoja, jambo lililomfanya aijue darsa na aujue ubao. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha historia ya Seyyid Said bin Sultan. Alianza kutoa tafsiri yake sehemu kwa sehemu katika miaka ya 1950, vijitabu vyepesi ambavyo mtu wa kipato kidogo aliweza kununua kimoja kimoja. Sidhani kwamba njia hiyo ilikuwa ya umaskini tu. Kila sehemu ilifika mikononi mwa watu, ikasomwa, ikaulizwa maswali, na mwandishi akaendelea na iliyofuata akiwa anajua kinachowatatiza.

Mapinduzi ya 1964 yaliibadilisha Unguja, na Farsy akahamia Kenya, ambako mwaka 1968 alishika ukadhi mkuu. Mwaka 1969 shirika la Islamic Foundation la Nairobi likatoa *Qurani Takatifu* kamili: Kiarabu, Kiswahili, na tanbihi chini yake.

Ni hizo tanbihi zinazonirudisha kwenye kitabu hiki kila mara. Farsy haandiki kama mtu aliyejificha nyuma ya usomi. Anamtaja Dale, anawataja Makadiani, jina alilolitumia kwa Waahmadiyya, anasema wamekosea wapi, analeta kanuni ya sarufi ya Kiarabu, analeta hadithi, anataja wafasiri wa kale, kisha anamgeukia msomaji kama mwalimu anayemgeukia mwanafunzi na kumweleza maana kwa lugha ya nyumbani. Humo mna ukali, wakati mwingine zaidi ya nilioutamani. Lakini mna heshima moja kubwa kwa msomaji: anaaminiwa kwamba anaweza kufuata hoja. Muuza samaki anaambiwa kiambishi cha kitenzi cha Kiarabu kinabadilisha nini katika maana ya aya, kwa sababu Farsy anaona ana haki ya kujua. Kabla ya hapo maarifa hayo yalibaki kwenye duara la watu waliokaa miaka mingi mbele ya sheikh.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1972, Farsy alitoa *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika*, wasifu wa masheikh wa pwani: nani alisoma kwa nani, nani alifundisha wapi, nani alizikwa wapi. Wanahistoria wa pwani hawawezi kufanya kazi bila kitabu hicho. Al-Amawi yumo, yule aliyemsaidia Steere. Wakati huohuo Sheikh Muhammad Kassim alikuwa akitoa Mombasa gazeti la *Sauti ya Haki*, akiendeleza kazi ya mwalimu wake. Misimamo ya wanazuoni hawa dhidi ya mila ambazo waliziona za uzushi iliwaletea wapinzani miongoni mwa Waislamu wa pwani wenyewe, na wapinzani hao nao walichapa vijitabu. Bilal Muslim Mission, iliyoanza katika miaka ya 1960 chini ya mwanachuoni wa Kishia Sayyid Saeed Akhtar Rizvi, ilikuwa na vitabu vyake na jarida la *Sauti ya Bilal*. Ubishi ulihama kutoka kati ya dini mbili ukaingia ndani ya dini moja, na vitabu vikaongezeka.

Wakristo nao walikuwa na ubishi wao wa lugha. Karl Roehl, Mlutheri Mjerumani, alitoa Biblia nzima mwaka 1937 akijaribu kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kutumia ya Kibantu zaidi. Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952 haikumfuata, na ndiyo iliyoshinda makanisani. Matbaa za misheni za Peramiho, Ndanda, Tabora na Vuga ziliendelea kuchapa vitabu vya sala, kilimo, afya na malezi, vingine bora kuliko vinavyokumbukwa.

Serikali huru ya Tanzania ilitoa vitabu vya maarifa kwa wingi ambao misheni haikuwahi kuufikia. Kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973 iliunganisha redio na vijitabu, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana namna ya kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Ilikuwa kazi njema na iliokoa maisha. Hata hivyo vijitabu vile viliandikwa ili vitekelezwe. Havikuwa na mpinzani wa kuvijibu, na labda ndiyo sababu hakuna anayevisoma tena kwa ajili ya lugha yake, wakati tanbihi za Farsy, zilizoandikwa katika joto la ugomvi, bado zina uhai.

Farsy alihamia Oman mwishoni mwa maisha yake na akafariki Muscat mwaka 1982. Nchi hiyohiyo ilimpokea baadaye Mzanzibari mwingine aliyechukua kalamu ya tafsiri: Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Alikuwa mwanasiasa, kiongozi wa chama cha Hizbu na waziri katika serikali iliyopinduliwa mwaka 1964, na alikaa magerezani Tanzania Bara kwa miaka kumi. Tarjama yake, iliyofuata tafsiri ya Kiarabu ya *Al-Muntakhab* iliyoandaliwa Misri, ilitolewa Abu Dhabi mwaka 1995. Kiswahili chake ni laini na kimepangika, Kiunguja cha mtu aliyekitunza ughaibuni. Hagombani kama Farsy. Dale alikuwa amekwisha kusahauliwa na wengi, na majibizano makali na wahubiri yalikuwa yamehamia kwenye mihadhara ya viwanjani na kwenye kaseti zilizouzwa Kariakoo na Mombasa, ambako Biblia na Qur'ani zilinukuliwa kwa sauti kubwa mbele ya umati.

Barwani ndiye anayesomwa sana leo kwenye simu. Programu nyingi za Qur'ani zenye Kiswahili hutumia tarjama yake, na mara nyingi huionyesha aya peke yake, bila maelezo. Anayefungua Sura ya 33 anaiona aya ya 40 katika mistari michache, kisha anateremka hadi ya 41. Mambo ambayo Mubarak Ahmad na Farsy waliyaandikia kurasa, kila mmoja akileta ushahidi wake, hayamo.

Nakala za Dale ni za kutafutwa maktabani. Tafsiri ya Waahmadiyya inatunzwa na jumuiya yao. Ya Farsy ingali inauzwa katika maduka ya vitabu vya dini. Ningependa mhariri mmoja mvumilivu azichukue aya chache zilizobishaniwa zaidi, aziweke tanbihi za wote hao kwenye kurasa zinazotazamana, na kuongeza vipande vya al-Amin pale vinapopatikana, ili mwanafunzi wa Kiswahili, wa dini yoyote, aone wanavyojibizana sentensi kwa sentensi. Kitabu hicho hakitahitaji kuwa kikubwa. Kurasa 200 zitatosha kuanzia.